Jiwe la nyongo linapoziba utumbo

Madaktari huita tatizo hili ileasi ya jiwe la nyongo, na jina lenyewe linapotosha. Ileasi kwa maana ya leo ni utumbo uliopooza, misuli imeacha kusukuma. Hapa misuli inasukuma kwa nguvu zote, ila jiwe limekwama njiani.

Limefikaje huko? Mrija mkuu wa nyongo una upana wa milimita 6 hivi, ilhali jiwe linaloziba utumbo kwa kawaida huzidi sentimita 2. Basi halikupita mrijani. Lilikaa kwenye kifuko cha nyongo, likakitia uvimbe wa mara kwa mara hadi kikanata kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba. Jiwe likiendelea kugandamiza, kuta zote mbili hulika, tundu (fistula) hufunguka, nalo hutumbukia.

Mawe madogo hutoka na choo, mtu asijue. Kubwa hukwama, hujinasua, hukwama tena. Ndiyo sababu mgonjwa huumwa tumbo na kutapika, akapata nafuu, kisha mambo yakarudi palepale. Na nafuu hiyo ndiyo inayomchelewesha kwenda hospitali. Aghalabu safari huishia mwisho wa utumbo mwembamba, karibu na vali ya utumbo mpana, kwa kuwa hapo ni pembamba na msukumo ni dhaifu. Mara chache jiwe huziba duodeni yenyewe, chakula kisishuke kutoka tumboni: hiyo huitwa sindromu ya Bouveret, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1896.

Wengi wanaopatwa ni wazee, hasa wanawake. Utumbo ukiziba, daktari hufikiria kwanza makovu ya upasuaji wa zamani na ngiri, na ni sawa. Lakini bibi wa miaka 75 asiye na kovu wala ngiri, jiwe likumbukwe mapema.

Kwenye picha hutafutwa dalili tatu alizozitaja Rigler, daktari wa eksirei, mwaka 1941: utumbo uliotanuka, hewa ndani ya mirija ya nyongo, na jiwe mahali pasipo pake. Mbili zikionekana zinatosha. Hewa hiyo imepanda kupitia tundu, ingawa aliyewahi kupanuliwa mlango wa mrija wa nyongo anaweza kuwa nayo bila fistula. Eksirei mara nyingi hukosa jiwe, maana mawe mengi hayana kalisi ya kutosha. CT skani huona vizuri zaidi.

Kabla ya upasuaji mgonjwa hali wala hanywi. Huwekewa mrija wa puani wa kutoa maji ya tumboni, dripu ya kurudisha maji na chumvi (potasiamu isisahauliwe), na mpira wa mkojo. Mkojo ufikie walau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa.

Daktari hakati juu ya jiwe, kwa kuwa ukuta hapo umevimba na kuchubuka, nyuzi hazitashika. Hulirudisha nyuma taratibu hadi penye utumbo wenye afya, hukata kwa urefu upande usioingia mishipa ya damu, hulitoa, kisha hushona kwa mapana ili njia isibane. Halafu hupapasa utumbo wote: jiwe lenye nyuso bapa lilisuguana na jingine, na jingine hilo huenda liko njiani. Kifuko na fistula, kwa mzee aliyedhoofika, kwa kawaida huachwa. Kuvishughulikia siku hiyohiyo hurefusha upasuaji na kuongeza hatari.