"Yaani", "nini" na wazee wetu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wazee wanaosema Kiswahili Uganda, kuanzia Bombo hadi Arua na Busia mpakani, wana lalamiko moja juu ya vijana: hawawezi kumaliza sentensi bila "yaani", "sijui", "nini" na "si unajua". Nawaheshimu wazee hawa. Wao ndio waliokibeba Kiswahili miaka ambayo shule nyingi hazikukitaka na watu wengi walikiona lugha ya askari. Lakini mara nyingi kijana akikemewa hivyo hanyooki. Anahamia Kiganda au Kiingereza, na siku nyingine haanzi kabisa. Na sababu anazopewa, nyingi si za kweli.

Dhana: Haya yameletwa na simu na televisheni. Sisi hatukusema hivi.

Msikilize mzee akitafuta jina: "Yule nanihii... mtoto wa nani huyu... wa pale karibu na msikiti." Msikilize anavyounga kisa chake: basi, sasa, unaona, unanielewa, siyo? Yote hayo ni maneno ya kujazia. Hayasikii kwa sababu ni yake. "Yaani" lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na wao pia hulitumia kujazia pengo. Mwaka 2001 Heather Bortfeld na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha mazungumzo ya vijana, watu wa makamo na wazee. Wazee walijikwaa na kusita zaidi kidogo kuliko vijana.

Dhana: Anayerudia "yaani" hana kitu kichwani.

Hii ndiyo inayoumiza kuliko zote, kwa hiyo nitakaa hapa.

Mtu anayezungumza hasomi karatasi. Anachagua la kusema, anatafuta neno, analipanga na kulitamka, yote kwa wakati mmoja. Likichelewa neno moja, sauti hutoka kushikilia nafasi. Herbert Clark na Jean Fox Tree walionesha mwaka 2002 kwamba wasemaji wa Kiingereza hutoa "uh" wanapokaribia kusita kidogo, na "um" wanapokaribia kusita kwa muda mrefu zaidi. Ni kama taa ya gari inayoashiria kona: inamwambia msikilizaji kinachokuja. Mwaka 2014 Charlyn Laserna, Yi-Tai Seih na James Pennebaker walichunguza mazungumzo yaliyorekodiwa. Maneno ya aina ya "unajua" na "yaani" yalisikika zaidi kwa vijana na wanawake, kweli, lakini pia kwa watu ambao vipimo vya tabia viliwaonesha kuwa makini na waangalifu. Hao walikuwa wasemaji wa Kiingereza cha Marekani, si vijana wa Arua. Hata hivyo, dai kwamba neno la kujazia ni dalili ya kichwa kitupu halipati msaada wowote hapo.

Sasa mfikirie kijana wetu. Nyumbani amekua na Kilugbara, Kiganda au Kisoga. Darasani ni Kiingereza. Kiswahili kwa wengi ni lugha ya tatu. Katiba ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mtu yeyote husita zaidi katika lugha ambayo hajaizoea. "Yaani" ya kijana huyo inatuonesha kwamba bado anatafuta neno la Kiswahili, wakati angeweza kuliacha na kusema la Kiingereza. Mimi nasikia juhudi hapo.

Dhana: Yanamsumbua msikilizaji.

Yakizidi, ndiyo. Yakiwa ya kawaida, yanamsaidia. Martin Corley na wenzake huko Edinburgh walionesha mwaka 2007 kwamba watu walikumbuka vizuri zaidi neno lililotanguliwa na kusita. Mwaka 2011 Celeste Kidd na wenzake waliona watoto wa miaka miwili na nusu hivi, msemaji anaposita, wakielekeza macho kwenye kitu kipya ambacho hakijatajwa bado.

Dhana: Kuuliza "nini?" katikati ya maneno ni kukosa adabu.

"Tulifika wapi? Tulifika Jinja, tukanunua nini? Tukanunua sukari." Mzee husema: "Unaniuliza mimi?" Lakini msemo huu umeenea Uganda, na vijana hawakuutunga. Mwalimu huwaachia wanafunzi pengo wajibu kwa pamoja, mhubiri huwaachia waumini vivyo hivyo. Ukimwona kijana akikuuliza "nini?" huku jibu analo, ujue anakushirikisha.

Dhana: "Anti" (kwa sababu), "naye" (lakini) na "kale" (haya, sawa) za Kiganda zinaharibu Kiswahili.

Viunganishi ni miongoni mwa maneno yanayovuka haraka kutoka lugha hadi lugha. Mzee anayekemea "anti" huenda akakemea kwa "lakini" na "halafu", na yote mawili yana asili ya Kiarabu.

Dhana: Kijana anayemheshimu mkubwa hunyamaza hadi apate neno.

Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo katika lugha 10 mwaka 2009. Kwa wastani, kati ya msemaji mmoja kumaliza na mwingine kuanza kulipita karibu sehemu moja ya tano ya sekunde. Ukimya wa sekunde nzima basi husikika kama mtu amemaliza. Kwenye kikao cha familia kijana hawezi kupandisha sauti wala kumwambia mjomba "ngoja sijamaliza". Amebaki na "yaani" tu kuomba asikatwe. Akiinyima sauti hiyo nafasi yake, nafasi inachukuliwa na mkubwa, na hairudi.

Kuna mahali ambapo inafaa kuyapunguza: usaili wa kazi, ushahidi mahakamani, hotuba ya shule. Hapo kemeo la barazani halisaidii. Kinachosaidia ni kujua mapema pointi mbili tatu unazotaka kusema, kujirekodi kwa simu ukajisikiliza, na kuzoea kupumua pale ambapo "yaani" ilikuwa inataka kutoka. Na mkubwa aliye karibu anaweza kusaidia kwa kusubiri sekunde mbili zaidi kabla ya kumpa neno.