Glikolisisi: chembe nyekundu na sukari yake

Ukienda kupimwa sukari katika maabara hapa Nairobi, tazama kichupa kinachotiwa damu yako. Mara nyingi kifuniko chake ni cha kijivu, na ndani mna floridi. Kazi yake ni kuzizuia chembe za damu zisile sukari inayotakiwa kupimwa, maana hata zikishatoka mwilini zingali hai, na zinakula. Damu isiyo na floridi ikiachwa mezani, sukari yake hupungua takriban asilimia 5 hadi 7 kila saa. Mwenye kisukari anaweza kupewa majibu mazuri yasiyo yake kwa sababu tu bodaboda iliyobeba sampuli ilikwama Jogoo Road. Hilo linaniuma, kwa kuwa linazuilika. Tena floridi yenyewe huchukua muda kushika kazi sawasawa, hivyo fundi makini huizungusha damu kwenye mashine mapema ili chembe zijitenge na plazima, yaani majimaji ya damu.

Ulaji huo unaitwa glikolisisi: molekuli moja ya glukosi, yaani sukari ya damu, inakatwa vipande viwili bila oksijeni kutumika. Chembe nyekundu inapata ATP 2 (molekuli zinazobeba nishati ndani ya seli), yaani nishati kidogo mno, na kubaki na laktati, masalia ya sukari hiyo. Seli yenye mitokondria, yaani vijiungo vya ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kuzalisha nishati, ingepata ATP kama 30 kutokana na glukosi hiyohiyo. Lakini chembe nyekundu haina mitokondria hata moja. Inabeba oksijeni ya mwili mzima kwa siku zipatazo 120 bila kuitumia kujipatia nishati. Hizo ATP chache zinaendesha pampu za kutoa sodiamu nje na kuingiza potasiamu. Zikisimama, chembe hufura hadi ipasuke. Laktati nayo huenda kwenye ini, ikageuzwa glukosi tena.

Mapafu yanashangaza zaidi. Yamejaa hewa, ilhali nayo hutoa laktati kwa wingi. Sehemu ya glukosi yao hutumika kutengeneza mafuta yanayozuia vifuko vya hewa visinywee kila tunapotoa pumzi.

Kuna jambo jingine linalotuhusu sisi tunaoishi mita zipatazo 1,700 juu ya bahari. Katikati ya glikolisisi, chembe nyekundu huchepusha kiasi cha glukosi na kutengeneza kemikali iitwayo bisfosfogliserati, ambayo huilegeza himoglobini, protini inayobeba oksijeni, ili iiachilie kwa urahisi. Mtu akihamia nyanda za juu, kemikali hiyo huongezeka ndani ya siku chache tu.