Soma kwa Sauti Usikie Ulichoandika

Tangu muhula huu uanze, wazazi wa Chake Chake na Wete, hapa Pemba, wamekuwa wakifika ofisini kwetu elimu kulalamika kwamba walimu wanawasomesha watoto "kwa makelele". Tunayapokea malalamiko yao kwa heshima. Lakini yapo makelele, na kuna kusoma kwa sauti.

Mtoto anayeghani ukurasa mzima macho yakiwa dirishani hasomi, kahifadhi. Mwekee kidole kwenye neno la katikati, muulize ni lipi. Akianza tena kutoka juu ili alifikie, jibu umelipata. Waliopita chuo cha Kurani wanalijua hili zamani, kwa hiyo sioni la kubishania.

Nyumbani fanyeni hivi. Chagua aya moja. Mtoto asome kwa dakika 1, saa ya simu yatosha. Wewe tia alama ya penseli chini ya kila neno alilokosea au kuliruka. Hesabu aliyoyasoma sawasawa, andika idadi na tarehe. Kisha arudie aya ileile, si nyingine, mara ya pili na ya tatu. Akikwama kwenye kitenzi kirefu kama "hawajatuandikia", msubiri kidogo ndipo umtajie. Jopo la kitaifa la usomaji la Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2000, lilikuta kwamba kurudia kusoma kwa sauti chini ya uangalizi huongeza ufasaha na ufahamu. Anayekimbia asipumue kwenye nukta, arudie.

Sasa barua zenu, watu wazima. Mama mmoja alileta hii: "Naomba nafasi ya skuli kwa mtoto wa dada yangu aliyehamia Wete." Kahama nani, dada au mtoto? Nikamwomba aisome kwa sauti. Alipofika "aliyehamia" akasita mwenyewe, akaomba kalamu: "Dada yangu amehamia Wete. Naomba nafasi ya skuli kwa mtoto wake."

Barua isiyoeleweka hurejeshwa, na maombi huhesabiwa tangu siku tuliyopokea iliyorekebishwa, si ile ya mwanzo. Hapo hakuna upendeleo. Basi kabla ya kuitia kwenye bahasha, mpe mwenzio akusomee. Yeye atasoma kilichoandikwa, si ulichokusudia. Akiteleza, piga mstari hapo. Pumzi ikimwishia kabla ya nukta, ikate sentensi. Na msikilize kwenye koma: "Baba Ali amefika" na "Baba, Ali amefika" ni wageni wawili tofauti mlangoni.