Anayelala barazani alikuwa na mlango

Nilipoanza kazi ya upangaji miji nilipewa rangi nyekundu, brashi na daftari, nikatumwa pamoja na wenzangu kuhesabu nyumba katika mtaa mmoja wa mabanda hapa Nairobi. Ni kazi ya miguu. Unaingia kichochoro hadi kichochoro, unapiga hodi, unauliza mnaishi wangapi humu, kodi ni ngapi, maji mnateka wapi, kisha unaandika nambari mlangoni ili kesho usije ukaihesabu nyumba ileile mara ya pili.

Miezi michache baadaye tingatinga lilipita upande mmoja wa mtaa ule. Wiki iliyofuata nilipita kwa wauza mabati na mbao kuukuu, nikaona mlango umeegemezwa ukutani. Nambari ilikuwa bado juu yake, kwa mwandiko wangu. Nikarudi kwenye daftari: mama na watoto watatu, kazi ya kufulia watu nguo, kodi shilingi 2,500, maji ya mtungi. Yule mtoto mkubwa nilikutana naye mwaka uliofuata karibu na steji ya matatu, gunia la chupa za plastiki begani. Yeye ndiye aliyenikumbuka. Nikamwuliza analala wapi, akanionyesha kwa kidevu: barazani mwa duka, ng'ambo ya barabara.

Tangu siku hiyo siwezi kumsikiliza kiongozi akizungumzia "watu wa mitaani" kana kwamba ni kabila lililozaliwa pale. Sensa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639 nchi nzima, 15,337 kati yao wakiwa Nairobi. Ukiishika hesabu hiyo peke yake utadhani shida ni ya watu elfu kumi na tano tu, na ukishadhani hivyo, dawa inayokujia haraka ni kufagia. Mgeni mkubwa anakuja, lori linapita usiku, watu wanakusanywa na kumwagwa pembezoni mwa mji, na baada ya siku chache wamesharudi kwa miguu. Mnamo tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyoko Arusha ilitoa ushauri ulio wazi: sheria za uzururaji, zinazomfanya mtu kuwa mhalifu kwa sababu hana kazi wala makao, zinakiuka haki za binadamu. Sijamsikia mgombea hata mmoja wa Nairobi akiutaja jukwaani.

Mipango ya kuwarekebisha wanaoishi mitaani ipo, na hazina yake maalumu ilianzishwa mwaka 2003. Siidharau. Lakini kwa kila kijana anayetolewa barazani leo, kuna chumba mahali fulani kinachofungwa kufuli usiku huuhuu, na hicho ndicho ninachotaka wanasiasa wakitazame.

Hebu tupige hesabu ya yule mama. Familia ya watu wanne inatumia mitungi kama mitano ya lita 20 kwa siku. Kwa shilingi 5 kila mtungi, hiyo ni shilingi 750 kwa mwezi, na hapo tumechukulia mwezi mzuri ambao bei haijapanda kwa sababu mabomba yamekauka. Choo ni cha kulipia. Watu wanne, mara moja tu kwa siku, shilingi 5 kila mmoja, ni 600 kwa mwezi. Maji na choo vimefika 1,350, zaidi ya nusu ya kodi yake, na bado hajanunua unga, makaa wala sabuni. Mitungi 50 ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo mita hiyo anainunua kwa shilingi 250. Mwenye bomba lake katika mtaa uliopangwa, anayetumia maji kiasi hichohicho, hatozwi hata nusu ya bei hiyo. Maskini ndiye mteja anayelipa bei ya juu kuliko wote katika mji huu, na wanaomuuzia wanalijua hilo.

Kisha mtoto anapata homa. Mama anakaa siku nne bila kwenda kufua, na siku ambayo hukufua hulipwi. Tarehe tano inafika, mwenye ploti anakuja kutia kufuli yake juu ya yako. Wengine hawasumbuki na kufuli, wanang'oa mlango au bati la paa, ukubali mwenyewe kuhama. Hapo mtu hatoki moja kwa moja kwenda barazani. Anakwenda kwa dada yake wiki mbili, mtoto mmoja anapelekwa kwa nyanya kijijini, mwingine anaacha shule asaidie kutafuta. Mkubwa, ambaye hatoshei popote, anajitafutia. Kwa hiyo anapofika mtaani, familia ilikuwa imeshavunjika miezi kadhaa nyuma, na bomba la maji lingeweza kuizuia isivunjike. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Nimeziona kaya zilizonusurika kwa tofauti ya shilingi mia sita.

Sasa, nyumba za bei nafuu. Tangu Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, kila mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara na mwajiri anaongeza kiasi hichohicho. Mei 2025 nyumba 1,080 za kwanza zilikabidhiwa wenyewe kule Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda hapa Nairobi, zile ndogo zikiwa za shilingi 3,900 kwa mwezi. Nilifurahi, nasema kweli. Mtu aliyekuwa akilipa kodi inayokaribia hapo kwa chumba cha mabati sasa ana bomba na choo ndani. Atakayesema mradi ule hauna maana hajawahi kupanga foleni ya choo saa kumi na moja alfajiri.

Lakini mradi wote wa Mukuru ni nyumba 13,248. Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani, vijiji vitatu vilivyotangazwa na kaunti mwaka 2017 kuwa eneo maalumu la upangaji, vina kaya zaidi ya 100,000. Zote zikikamilika bila hata moja kuangukia mikono ya tajiri, itakuwa nyumba moja kwa karibu kila kaya nane. Hao wengine saba watabaki walipo, na malipo ya miaka mingi yanataka kipato kisichokatika, kitu ambacho mfua nguo na kijana wa mjengo hawana. Nikimsikia mbunge akijibu kila swali la umaskini wa mji kwa kuhesabu orofa, najua kaya saba zimeshatoka akilini mwake.

Cha kusikitisha ni kwamba njia ya kuwafikia hao saba tulishaianza. Mpango wa Mukuru ulichorwa na wakazi wenyewe pamoja na wataalamu, kijiji baada ya kijiji, kwa lengo la kupitisha barabara, maji na mabomba ya majitaka huku wakihamishwa watu wachache iwezekanavyo. Barabara zikaanza kujengwa mwaka 2020. Kisha mwishoni mwa 2021, Kwa Njenga ikabomolewa kupisha barabara na maelfu wakalala kwenye matope. Mwaka mmoja kabla, Mei 2020, corona imetanda na mvua inanyesha, wakazi wa Kariobangi, mtaa mwingine wa Nairobi, walipatwa na hayohayo huku amri ya mahakama ya kuzuia ubomoaji ikipuuzwa. Baada ya mafuriko ya 2024 tingatinga zilirudi kandokando ya mito. Kuwaondoa watu kwenye ukingo wa mto ni jambo la lazima na mimi mwenyewe nalishauri. Kuwaondoa bila kuwaonyesha pa kwenda ni kuzalisha wakazi wapya wa barazani, tena kwa gharama ya serikali.

Na sheria haikosekani. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka ilani ya miezi mitatu kabla ya kuwaondoa watu, na inawapa wakazi nafasi ya kwanza ya kubomoa wenyewe na kuokoa mali zao. Maana yake, ule mlango nilioukuta kwa wauza mabati ulikuwa wa yule mama kuubeba. Januari 2021, katika kesi ya kijiji cha Mitumba kilichobomolewa mwaka 2011 karibu na uwanja wa Wilson, Mahakama ya Juu ilisema kwamba wasio na ardhi wakijenga makao kwenye ardhi ya umma hawapati hatimiliki, lakini wanapata haki ya makazi inayolindwa na sheria. Hukumu hiyo ingepaswa kubandikwa katika kila ofisi ya kaunti.

Kwa hiyo ninachowaomba wanasiasa hakihitaji sheria mpya. Ni ilani kuheshimiwa, mpangaji kuhesabiwa naye wakati wa fidia badala ya mwenye ploti peke yake, na pesa za maji na majitaka ya mitaa ya mabanda kuandikwa kwenye bajeti ya kaunti kwa jina la mtaa. Makadirio ya bajeti huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, kisha maoni ya umma hukusanywa. Ukumbi huwa nusu tupu.

Mwakilishi wadi mmoja aliwahi kuniambia, baada ya kikao kama hicho, kwamba hajawahi kuombwa bomba. Kila anayemwendea huomba basari au taa ya barabarani. Nilimwamini. Mwaka huu tumempelekea mchoro wa mita 600 za bomba, wenye majina ya vichochoro na sahihi za wapangaji wa kila ploti litakamopita. Ameupokea, ameuliza gharama, na tumempa.