Nyaya za spika si lazima zilingane urefu

Ujumbe unaorudi kila mara kwenye magrupu unadai kwamba waya wa spika ya kulia na wa kushoto usipolingana urefu, sauti ya upande mmoja itachelewa. Si kweli. Umeme hupita kwenye waya zaidi ya kilomita 100,000 kwa sekunde. Sauti hewani, takriban mita 340 tu. Ukisogeza kichwa sentimita moja, umechelewesha sauti zaidi kuliko waya uliozidi mita tano.

Kinachochanganya watu ni kwamba waya mrefu na mwembamba kweli hupunguza nguvu. Dawa yake ni waya mnene.

Unashuku waya? Zima amplifaya, badilisha nyaya, wa kulia uende kushoto na wa kushoto kulia, usikilize tena. Tatizo lisipohama upande, si waya. Mara nyingi kosa ni spika moja kuwa karibu zaidi na kiti. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.