Mauntini za chuma si lazima ziwe bora

Baadhi ya wanaofunga V8 ya Rover (injini ya silinda nane), lita 3.5, kwenye MGB, gari dogo la michezo la Kiingereza, huamini kuwa injini kubwa haifai kukalia mauntini (vishikizo vya injini kwenye bodi) za mpira. Wanataka chuma kitupu. Wazo lina chimbuko: kwenye magari ya mashindano injini haitakiwi kucheza.

Barabarani, mpira humeza mtetemo. Ukiuondoa, mtetemo unahamia kwenye bodi: usukani unatia ganzi viganja, nati zinalegea, vyuma vinapata nyufa. Hata MGB GT V8 ya kiwandani (1973–1976) ilikalia mpira.

Jipimie: fungua boneti, mwenzako akanyage breki barabara, aingize gia, aachie klachi kidogo tu. Injini ikinyanyuka sana, kagua mpira kama umechanika au umelainishwa na oili. Simama pembeni, si mbele ya gari.