Maji ya Almonte ni ya nani?

Katika jimbo la Ontario, Kanada, kuna mto uitwao Mississippi. Usiuchanganye na ule mkubwa wa Marekani. Huu una urefu wa kilomita 200 hivi na humwaga maji yake katika mto Ottawa. Mahali palipo kama kilomita 50 kutoka Ottawa, mji mkuu wa nchi, mto huo unakuta miamba na kuporomoka kwa hatua, karibu mita 20 kwa jumla, katika mwendo ambao mtu huumaliza kwa miguu kwa dakika chache. Hapo ndipo ulipojengwa mji wa Almonte, ambao leo umo ndani ya manispaa ya Mississippi Mills, iliyoundwa mwaka 1998 kwa kuunganisha Almonte, Ramsay na Pakenham.

Historia ya mji huu huelezwa kwa majina ya wenye viwanda. Sisi tunaona ni afadhali kuanza na maji yenyewe, kwa sababu aliyeyashika maji ndiye aliyepanga nani aje, nani aajiriwe na nani asahaulike.

Watu wa Algonquin, tawi la Anishinaabe, walikuwa katika bonde hili muda mrefu kabla ya kinu cha kwanza. Mto ulikuwa barabara yao: walisafiri kwa mitumbwi ya magome ya mti, na wakifika kwenye maporomoko walibeba mitumbwi na mizigo mabegani hadi maji matulivu. Juu zaidi, katika eneo la ziwa Mazinaw unakoanzia mto, mwamba mrefu uliosimama wima ndani ya maji una michoro zaidi ya 260 iliyopakwa kwa ngeu. Mwaka 1819 serikali ya Uingereza ilipotaka ardhi ya kugawia wahamiaji, ilifanya makubaliano na Wamississauga, taifa jingine la wenyeji, yakathibitishwa mwaka 1822. Algonquin hawakuwa upande katika makubaliano hayo. Shina la suala la ardhi ambalo halijaisha hadi leo ni hilo.

Maporomoko hayakugawiwa kama shamba la kawaida. Serikali ilimpa David Shepherd ekari 200 kwa sharti la kujenga kinu na kukiendesha, maana bila kinu cha kusaga ngano na kupasua mbao hakuna mkulima ambaye angekaa. Kinu chake kiliungua, akauza haki yake, na mwanzoni mwa miaka ya 1820 mahali pakawa pa Daniel Shipman. Pakaitwa Shipman's Mills. Majina yalibadilika mara kadhaa baadaye, hadi miaka ya 1850 mji ulipochukua jina la Juan Almonte, jenerali na balozi wa Meksiko aliyejulikana kwa kukabiliana na Marekani, wakati ambapo Wakanada wengi walikuwa na hofu na jirani huyo huyo. Jina ni la Kihispania, lakini wenyeji hulitamka kwa silabi mbili tu, "Almont".

Wahamiaji walikuja kwa mafungu. Mwaka 1820 na 1821 walifika karibu watu 3,000 kutoka Glasgow na Lanarkshire huko Uskoti, wengi wao wafumaji waliokosa kazi baada ya vita vya Napoleon. Kila familia ilipewa ekari 100 na mkopo wa fedha kwa kila kichwa, uliolipwa kwa awamu. Mara nyingi husemwa kwamba viwanda vya sufu vya Almonte vilizaliwa na wafumaji hawa. Jambo hilo lina ukweli nusu tu. Wengi wao walifuma pamba na kitani, wala hawakuja kufuma bali kulima; na kati ya kufika kwao na kiwanda kikubwa cha kwanza ilipita zaidi ya miaka 30. Walichokileta ni mikono iliyozoea uzi na desturi ya kufuga kondoo.

Mwaka 1823 wakaja watu 568 kutoka kusini mwa Ayalandi kwa meli mbili, Hebe na Stakesby, chini ya mpango uliosimamiwa na Peter Robinson. Wengi walikuwa Wakatoliki maskini, na serikali iliwapa chakula, zana na ng'ombe. Waskoti waliotangulia, wengi Waprotestanti waliokuwa na deni la mikopo yao, waliona wageni wanabebwa. Aprili 1824 palizuka vurugu katika baa moja kwenye mji jirani ambao leo ni Carleton Place, zikasambaa hadi Shipman's Mills, na Muayalandi mmoja akauawa kwa risasi. Vurugu hizo hukumbukwa kama ugomvi wa dini, na dini ilikuwemo. Lakini ukiangalia masharti ya mpango mmoja na mwingine, utaona kwamba serikali yenyewe iliwatofautisha majirani kabla hawajafahamiana.

Sasa tuingie kiwandani, kwa kuwa bila kuelewa kazi yenyewe mji hausomeki.

Miaka ya mwanzo mkulima alileta kinuni sufu yake kufanyiwa hatua mbili tu: kuchanwa kwa mashine na, baada ya kufumwa nyumbani, kitambaa kukandwa. Kusokota na kufuma kulibaki kwa wanawake nyumbani. Mapinduzi yalikuja pale hatua zote zilipowekwa chini ya paa moja. Kwanza sufu hupangwa kwa daraja, kwani manyoya ya begani ni laini kuliko ya miguuni. Kisha huoshwa kwa maji vuguvugu yenye sabuni na magadi ili kuondoa mafuta na uchafu, ambao mara nyingi hufikia nusu ya uzito wote. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika: maji yakiwa ya moto mno na sufu ikipekechwa, nyuzi zinashikana na kuwa bonge lisilofaa tena. Sababu ni kwamba kila unywele wa kondoo una magamba madogo, na magamba yakilainika kwa joto na kusuguana hung'ang'aniana.

Ikikauka, sufu hupakwa mafuta kidogo isikatike, huchanwa kwa mitungi mikubwa yenye meno ya waya, husokotwa, kisha nyuzi hutandwa. Mtande, yaani nyuzi za urefu, ukiwa legelege upande mmoja, kitambaa chote kitapinda na hakuna mshindio, yaani uzi wa kukatiza, utakaokinyoosha. Baada ya kufumwa, kitambaa hukandwa katika maji ya sabuni, na safari hii yale magamba yaliyokuwa adui wa muoshaji huwa rafiki: kitambaa husinyaa, pengine kwa theluthi moja, kikawa kizito kiasi cha kuzuia upepo wa baridi. Mwisho huvutwa kwenye fremu zenye kulabu, hukwaruzwa kuinua manyoya, hukatwa usawa na kupigwa pasi.

Kila hatua hiyo ilizungushwa na maji. Hesabu yake ni rahisi. Mita moja ya ujazo ya maji, yaani tani moja, ikianguka kila sekunde kwa kimo cha mita 6, hutoa kilowati 59. Turbini yenye ufanisi wa asilimia 75 itakupatia 44, kama nguvu za farasi 60. Kutoka kwenye banio, yaani ukuta wa kuzuia mto, maji yalipita mferejini, yakapita chujio la vyuma la kuzuia magogo na majani, yakaingia kwenye turbini. Mhimili ulipanda ghorofa kwa ghorofa, na mikanda ya ngozi ikagawa mzunguko kwa kila mashine. Viwanda vilijengwa kwenda juu badala ya kutandazwa kwa sababu hiyo: kadiri mhimili unavyorefuka ndivyo nguvu inavyopotea kwa msuguano.

Matatizo yalikuwa ya majira. Mwishoni mwa kiangazi mto ulipungua na mashine nyingine zikazimwa. Majira ya kuchipua, theluji ilipoyeyuka, maji ya chini ya kiwanda yalipanda na kupunguza kimo cha anguko, hivyo mwenye kiwanda alikuwa na maji tele na nguvu haba. Usiku wa baridi kali usio na mawingu, maji yanayokwenda kasi hutengeneza chembe laini za barafu ambazo huganda kwenye chujio na kuliziba ndani ya saa chache. Dawa yake ilikuwa wanaume wenye reki ndefu, zamu baada ya zamu. Ugomvi mkubwa zaidi ulitoka kwa jirani. Wa chini akiongeza ubao mmoja juu ya banio lake, maji yanarudi nyuma; anguko la jirani wa juu likishuka kutoka mita 3 hadi 2.7, huyo amepoteza sehemu moja ya kumi ya nguvu yake bila kuguswa mlango.

Hofu ya pili ilikuwa moto. Mabaki ya sufu yenye mafuta yakirundikwa kwenye kona hujipasha joto yenyewe mpaka yakawaka. Ndiyo sababu viwanda vya mawe vya wakati ule vilijengwa kwa nguzo na sakafu za mbao nene, ambazo huungua polepole, na ngazi zikawekwa katika mnara wa pembeni ili moto usipande nazo.

James Rosamond, mzaliwa wa Ayalandi aliyekuwa na kiwanda Carleton Place, alihamia Almonte mwaka 1857 na kujenga mahali ambapo kiwanda kilichotangulia kilikuwa kimeungua. Miaka miwili baadaye reli kutoka Brockville ilifika. Mwaka 1866 wanawe, Bennett na William, wakiwa na mtaji wa George Stephen wa Montreal, walianzisha kampuni ya Rosamond na kujenga kiwanda cha mawe cha ghorofa sita kwenye maporomoko ya chini. Almonte ikaitwa Manchester ya Kanada, kwa jina la mji wa Uingereza uliosifika kwa viwanda vya nguo. Ilipata hadhi ya mji mwaka 1880.

Waliosimama kwenye mashine hizo wengi walikuwa wanawake na vijana. Sheria ya viwanda ya Ontario ya 1884 ilikataza kuajiri wavulana chini ya miaka 12 na wasichana chini ya 14, na ikaweka ukomo wa saa 60 kwa wiki kwa wanawake na vijana. Saa 60 ndizo zilizohesabiwa kuwa nafuu. Kipimo hicho kinatosha kuonyesha hali iliyotangulia.

Mto huohuo ulitoa kesi iliyobadilisha sheria ya Kanada. Juu ya Almonte, mfanyabiashara wa mbao Peter McLaren alikuwa amejenga mabwawa na mifereji ya kupitishia magogo, akadai mwenzake Boyd Caldwell hana haki ya kuvusha magogo yake hapo. Mwaka 1881 bunge la Ontario lilipitisha sheria kwamba kila mtu ana haki ya kuelea magogo mtoni, mradi alipe ada ya haki kwa aliyeurekebisha. Serikali kuu ya waziri mkuu John A. Macdonald iliifuta sheria hiyo mara tatu, na Ontario ikaipitisha tena kila mara. Mwaka 1884 Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa Kanada, lilimpa Caldwell ushindi. Mtu anaweza kumiliki bwawa alilojenga. Njia ya maji hakuimiliki.

Kuanguka kwa viwanda hakukusababishwa na maji. Mwaka 1897 Kanada ilianza kupunguza ushuru kwa bidhaa za Uingereza, na kufikia 1900 punguzo lilikuwa theluthi moja. Vitambaa vya Yorkshire vikaingia kwa bei ambayo Almonte haikuiweza. Baadaye zikaja nyuzi zisizo za asili. Kampuni ya Rosamond ilifungwa mwaka 1952, na kiwanda cha mwisho cha mji mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Anayefika leo aanze kwenye jumba la makumbusho ya nguo, lililomo ndani ya ghala na ofisi za zamani za Rosamond. Kiwanda chenyewe, kilichotambuliwa mwaka 1986 kuwa eneo la kihistoria la taifa, sasa ni makazi ya watu. Reli iling'olewa na njia yake imekuwa ya waenda kwa miguu na baiskeli. Inapita karibu na mahali ambapo tarehe 27 Desemba 1942 treni ya wanajeshi iliigonga kwa nyuma treni ya abiria iliyokuwa imesimama stesheni, wakafa karibu watu 40. Wapenda mpira wa kikapu watapenda kujua kwamba James Naismith, aliyeubuni mwaka 1891 huko Massachusetts, alizaliwa hapa mwaka 1861.

Maporomoko yangali kazini: maji yaliyozungusha mashine za sufu sasa yanazalisha umeme. Na tarehe 18 Oktoba 2016 Algonquin wa Ontario, serikali kuu na serikali ya jimbo walitia saini makubaliano ya awali kuelekea mkataba. Eneo linalojadiliwa lina kilomita za mraba 36,000. Bonde lote la Mississippi limo, pamoja na mita zile 20 za Almonte.